Kuona vitu viwili baada ya kuvunjika mfupa wa shavu: tusubiri hadi lini?

SWALI: "Shikamoo daktari. Kaka yangu ana miaka 31, ni dereva wa bodaboda hapa Kahama. Siku 11 zilizopita aligongana na mwenzake, akaangukia uso upande wa kushoto. Hospitali ya kwanza walimpiga eksirei, wakasema mfupa wa shavu umevunjika, wakampa dawa za maumivu na kumwambia asubiri uvimbe uishe. Sasa uvimbe umepungua sana, lakini shavu limebonyea, mdomo wa juu na ufizi wa upande huo vina ganzi, na akitazama juu au akishuka ngazi anaona vitu viwili, kimoja juu ya kingine. Akitazama mbele anaona sawasawa. Jirani yetu anasema mshipa wa jicho umekufa. Muuza miwani anataka kumtengenezea miwani. Kaka mwenyewe amefunga jicho kwa kitambaa na amerudi barabarani. Je, jicho linapofuka? Anahitaji upasuaji, au tuendelee kusubiri kama tulivyoambiwa?"

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole sana wewe na kaka yako. Umenieleza karibu kila jambo ambalo daktari angetaka kulijua, hata bila kujua kwamba ulikuwa unanipa dalili, na kwa sababu hiyo ninaweza kukujibu kwa kina. Hata hivyo, nianze na lile lisiloweza kungoja: ushauri wa kusubiri ulikuwa sahihi siku ya kwanza, lakini leo ni siku ya 11, na kosa lililopo ni kwamba hakuna aliyempangia siku ya kurudi kupimwa. Kaka yako anatakiwa kuonwa na mtaalamu ndani ya siku mbili tatu zijazo. Sababu yake nitaieleza hatua kwa hatua.

Hofu yako kubwa ni upofu, na hapa nina habari ya kukutuliza. Mtu anayeona vitu viwili pale tu macho yote mawili yanapokuwa wazi, macho yake yote mawili yanaona. Ubongo unapokea picha kutoka kila jicho, na kwa kawaida huziunganisha zikawa moja. Jicho moja likielekea kwingine kidogo tu, picha hizo hazilingani tena, ndipo kitu kimoja kinapoonekana kama viwili. Kwa hiyo tatizo lake linaelekea kuwa la mwelekeo wa jicho zaidi kuliko nguvu ya kuona. Sisemi kwamba jicho halikuumia kabisa, kwa maana pigo linalovunja mfupa wa shavu linaweza kuumiza pia jicho lenyewe, na kwa sababu hiyo uwezo wa kuona wa kila jicho lazima upimwe peke yake kabla ya jambo lingine lolote.

Kuna kipimo mnachoweza kukifanya nyumbani leo. Mwambie atazame upande ule anaoona viwili, kisha afunike jicho la kulia kwa kiganja, halafu alifunue na kufunika la kushoto. Ikiwa kila anapofunika jicho moja, lolote lile, kitu kinarudi kuwa kimoja, basi ni macho mawili yasiyolingana mwelekeo, na maelezo yote yanayofuata yanamhusu. Lakini ikiwa anaendelea kuona viwili hata jicho moja likiwa limefunikwa, tatizo liko ndani ya hilo lililo wazi, pengine lenzi yake imehama mahali pake au kioo cha mbele cha jicho kimejeruhiwa, na hapo aende kwanza kwa daktari bingwa wa macho. Kipimo hiki hakigharimu kitu, nacho hurukwa mara nyingi kuliko inavyostahili.

Sasa tuangalie kilichotokea ndani ya uso. Watu wengi hudhani mfupa wa shavu na jicho ni majirani tu, kumbe mfupa huo ni sehemu ya nyumba ya jicho. Tundu la jicho limejengwa kwa mifupa 7, na mfupa wa shavu ndio unaofanya sehemu kubwa ya ukuta wake wa nje na sehemu ya sakafu yake. Tundu la mtu mzima lina nafasi ya takriban mililita 30, na jicho lenyewe huchukua kama mililita 7 tu. Nafasi iliyobaki imejaa mafuta laini, misuli na mishipa. Sakafu yake ni nyembamba sana, na chini yake hakuna mfupa mzito wa kuishikilia, bali uwazi wenye hewa ulio ndani ya taya la juu. Mfupa wa shavu unaposukumwa ndani, ni nadra sakafu hiyo kubaki salama.

Ndani ya sakafu hiyohiyo kuna mfereji unaopitisha mshipa wa fahamu unaoleta hisia za shavu, ubavu wa pua, mdomo wa juu na ufizi. Ganzi ya kaka yako inatueleza kwamba ufa ulipita huko. Jirani yenu ameona jambo la kweli akalifasiri vibaya: ulioumia ni mshipa wa hisia za ngozi, ambao ni tofauti kabisa na mshipa wa kuona na tofauti pia na mishipa inayoendesha misuli ya jicho. Ganzi ya aina hii mara nyingi hupungua polepole kwa miezi kadhaa, ingawa kwa baadhi ya watu haiishi yote, na peke yake haielezi kwa nini anaona viwili.

Kila jicho huzungushwa na misuli 6. Mmoja wao umelala chini ya jicho, karibu sana na sakafu, na ndio unaolivuta jicho kutazama chini. Mtu anapotazama juu, msuli huo lazima ulegee na kurefuka ili jicho lipande. Sakafu ikipasuka, mafuta na nyuzi laini zinazouzunguka msuli huo, na wakati mwingine msuli wenyewe, vinaweza kudumbukia katika ufa na kubanwa. Mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi hashindwi kufikia majani ya mbali kwa sababu miguu yake ni dhaifu, bali kwa sababu kamba haimwachii. Jicho lililobanwa namna hiyo hukwama likitazama juu, na mara nyingi hushindwa pia kushuka vizuri, kwa kuwa msuli ulionaswa hauwezi kuvuta kwa nguvu zake zote. Kuona kimoja juu ya kingine, juu na chini, huku katikati kukiwa sawa, kunaafikiana na hali hiyo.

Lakini kunaafikiana na hali nyingine pia, na hapo ndipo wagonjwa wanapopewa majibu ya haraka yasiyo sahihi. Uvimbe na damu ndani ya tundu hulifanya jicho liwe zito kugeuka bila kitu chochote kubanwa. Hali hiyo huendelea kupungua siku hadi siku, na kwa wengi huwa imepungua sana ndani ya wiki moja au mbili. Msuli au mshipa unaouendesha unaweza kuwa umechubuka tu, ukahitaji wiki au miezi kurudi katika kazi yake. Tena tundu linaweza kuwa limepanuka na jicho likashuka, kwa sababu kano inayolibeba jicho kama machela imefungwa kwa upande wa nje kwenye mfupa huohuo wa shavu ambao sasa umehama. Na ikiwa kichwa kiligongwa kwa nguvu, mishipa ya macho inaweza kuwa imeumia ndani ya fuvu, mbali kabisa na shavu. Matibabu ya hali hizi hayafanani. Kumpasua mtu ambaye mshipa wake umechoka tu hakumsaidii, na kumngojesha mtu ambaye msuli wake umebanwa kunaweza kumwachia kovu la kudumu.

Ndiyo maana nasisitiza uchunguzi kuliko jina la ugonjwa. Daktari atakayempokea aanze na uwezo wa kuona wa kila jicho, kisha aangalie mboni kwa tochi kama zinasinyaa sawasawa, maana mboni isiyoitikia mwanga vizuri inaweza kuwa ishara kwamba mshipa wa kuona umeumia, na hilo hubadili mpango wote. Baada ya hapo amwambie afuate kalamu kwa macho, kichwa kikiwa kimetulia, katika pande 9: katikati, juu, chini, kulia, kushoto na pembe nne. Kila upande aulizwe kama anaona kimoja au viwili, kama vimeachana kwa ubavu au kwa urefu, na ni wapi vinapoachana zaidi. Pale vinapoachana zaidi, ile picha iliyo nje kabisa ni ya jicho lililobaki nyuma. Ukifunika jicho moja na picha hiyo ikatoweka, umelipata jicho lenye shida.

Katika hospitali kubwa kazi hii hufanywa kwa chati ya Hess, ambapo mgonjwa huvaa miwani yenye kioo chekundu upande mmoja na cha kijani upande wa pili, na mwendo wa kila jicho huchorwa peke yake. Aliyeibuni, Walter Rudolf Hess wa Uswisi, alikuwa daktari wa macho kabla ya kuhamia uchunguzi wa ubongo uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Lakini chati hiyo isipokuwepo, karatasi yenye visanduku 9 vilivyochorwa kwa mkono, yenye tarehe na alama ya mahali anapoona viwili, ni kumbukumbu ya thamani kubwa. Ninawahimiza matabibu wa vituo vya afya waichore siku ya kwanza na kumpa mgonjwa aondoke nayo. Kaka yako angekuwa na karatasi mbili, moja ya siku ya 3 na nyingine ya leo, tungejua papo hapo kama eneo la kuona viwili linapungua au limesimama palepale, na hilo ndilo swali lenye uzito kuliko yote.

Kipimo kinachotenganisha kamba na udhaifu ni cha moja kwa moja. Jicho huwekewa matone ya ganzi, kisha daktari hushika kwa koleo ndogo sana utando ulio juu ya weupe wa jicho, karibu na mahali msuli ulipojishikiza, na kulizungusha jicho yeye mwenyewe huku mgonjwa akijaribu kutazama upande huohuo. Jicho likizunguka bila kizuizi, hakuna kilichobanwa, na shida iko katika msuli au mshipa wake. Likigoma, limeshikwa. Kaka yako aelezwe mapema kwamba kipimo hiki hakina raha lakini ni kifupi. Katika siku za mwanzo uvimbe nao unaweza kuleta ugumu kiasi, kwa hiyo jibu lake lisomwe pamoja na mambo mengine. Iwapo atafanyiwa upasuaji, daktari mzuri hukirudia mgonjwa akiwa katika nusu kaputi, kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, ili ahakikishe kwamba jicho limeachiwa kweli na halikubanwa upya na kile alichoweka.

Eksirei aliyopigwa inaonyesha mfupa wa shavu, lakini sakafu ya tundu huifichaficha. Anahitaji kipimo cha CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili kipande kwa kipande, chenye vipande vyembamba, na vipande hivyo visomwe pia kwa mkato wa kutoka mbele, kama mtu anayemtazama usoni, kwa kuwa hapo ndipo sakafu na msuli huonekana vizuri. Hata hivyo picha haitoshi peke yake: wapo wenye picha ya kutisha wanaoona vizuri kabisa, na wapo, hasa watoto, wenye ufa mdogo kama unywele ambao umebana msuli barabara. Nitoe angalizo moja kwa wenzangu wa fani pia. Kifaa cha kawaida cha kupimia kama jicho limezama hukaa juu ya ukingo wa nje wa tundu la jicho. Kwa mgonjwa wa aina hii ukingo huo ndio uliovunjika na kurudi nyuma, hivyo namba inayosomwa inaweza kulificha jicho lililozama. Ni vyema kumtazama mgonjwa pia kutoka juu ya kichwa na kutoka chini ya kidevu, na kulinganisha pande zote mbili.

Je, apasuliwe? Madaktari wenyewe wamebadilisha mawazo kuhusu jambo hili. Mwaka 1957 Smith na Regan wa Marekani walieleza jinsi msuli wa chini unavyonaswa sakafu inapopasuka kwa pigo, na baada ya hapo wengi waliona upasuaji wa haraka ndiyo njia. Mwaka 1974 Putterman na wenzake wakachapisha habari za wagonjwa ambao hawakupasuliwa, na kwa wengi wao kuona viwili kulipungua au kuisha. Leo tunasimama katikati, na binafsi naona ndipo panapofaa: anayeona viwili kidogo, pembeni tu, na akazidi kupona kila anapopimwa, huachwa apone; ambaye jicho lake limethibitika kubanwa na halionyeshi nafuu, hufunguliwa sakafu mapema, kwa kawaida ndani ya wiki mbili hivi tangu aumie.

Kwa kaka yako kuna sababu ya pili inayojitegemea, nayo ni shavu kubonyea. Mfupa wa shavu uliohama hurudishwa kwa urahisi zaidi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Baada ya wiki tatu hivi huanza kushikamana vibaya, na huenda ukalazimika kukatwa upya ili usogezwe. Muulize pia kama anaweza kufungua mdomo hadi mwisho, kwa sababu mfupa uliobonyea huweza kuzuia taya. Wakati mwingine kuuinua mfupa na kuufunga kwa vibati na skrubu za titaniamu kunatosha kuliachia jicho. Wakati mwingine kinyume chake hutokea: mfupa ukirudi mahali pake, pengo lililokuwa limezibwa sakafuni huonekana, nalo hubidi lizibwe. Kwa sababu hiyo sakafu lazima ifikiriwe upya baada ya mfupa kuinuliwa, hata kama mwanzoni ilionekana nzuri.

Sitakuahidi kwamba upasuaji utaondoa kuona viwili. Wiki za kwanza baada yake hali inaweza hata kuonekana mbaya zaidi kwa sababu ya uvimbe mpya, na kwa baadhi ya watu kiasi fulani hubaki. Kope la chini linaweza kuvutwa na kovu, na mara chache sana damu huvuja nyuma ya jicho na kuhatarisha uwezo wa kuona. Kinachobaki baada ya miezi sita hivi, kikiwa hakibadiliki tena, kinaweza kutibiwa kwa lenzi za prizimu, yaani vioo vinavyopindisha mwanga ili picha mbili zikutane, au kwa upasuaji mdogo wa misuli ya jicho, kama ule wa makengeza. Haya yote aelezwe kabla hajaweka sahihi.

Kuhusu miwani, mwambie muuzaji asubiri. Miwani ya kawaida hunoa picha, haigeuzi mwelekeo wa jicho. Lenzi za prizimu husaidia zaidi mtu anayeona viwili akitazama mbele, tena hali ikiwa imetulia. Kaka yako anaona vizuri mbele na hali yake bado inabadilika.

Kitambaa nacho hakitalidhoofisha jicho la mtu mzima, hivyo akiwa nyumbani anaweza kukitumia kupumzika, mradi akifungue mara kadhaa kwa siku na aandike anachokiona. Kwa mtoto mdogo ni jambo jingine, asifunikwe jicho bila agizo la daktari. Lakini kuendesha pikipiki akiwa amefunga jicho moja, huku akibeba abiria, hapana kabisa. Hukadiria umbali vibaya na haoni vizuri upande wa kushoto. Najua kwamba kila siku asiyopanda ni siku isiyo na hela, na pengine pikipiki yenyewe ina hesabu ya tajiri. Bado naomba aiegeshe.

Asipenge kamasi kwa nguvu kwa wiki kadhaa, kwa sababu hewa na uchafu vinaweza kupita kwenye ufa na kuingia katika tundu la jicho. Chafya ikimjia, aitoe mdomo ukiwa wazi. Msimkande shavu kwa maji ya moto wala kumchua.

Kuna dalili ambazo zikitokea hamsubiri asubuhi. Jicho likianza kuuma zaidi, likajitokeza nje, likawa gumu na kuona kukafifia, huenda damu inajikusanya nyuma yake, na daktari ana muda mfupi, pengine saa moja na nusu tu, kuipunguza shinikizo hilo kabla mshipa wa kuona haujadhurika. Hapo hata kipimo cha CT hakisubiriwi. Kichwa kuuma sana, kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida, maji mepesi kutoka puani, au kuanza kuona viwili ubavu kwa ubavu akitazama mbali, huelekeza kwenye ubongo. Homa na jicho kuvimba upya kwa wekundu ni dalili za maambukizi. Na kwa wazazi wanaosoma hapa: mtoto aliyeangukia uso, ambaye jicho lake ni jeupe na halina uvimbe, lakini hataki kutazama juu, anatapika na mapigo ya moyo wake yamepungua, huenda msuli wake umebanwa na unakosa damu. Wengi hudhani ni jeraha la kichwa peke yake. Huyo anahitaji upasuaji ndani ya saa 24 hadi 48.

Kutoka Kahama, njia iliyo karibu kwenu ya kupata wataalamu wote wawili ni hospitali ya rufaa ya kanda, Bugando, jijini Mwanza. Ombeni barua ya rufaa kesho, beba eksirei yake, na mkifika ombeni aonwe na daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso pamoja na daktari bingwa wa macho, kwa sababu mmoja peke yake anaweza kuliona shavu akaliacha jicho, au kinyume chake. Muulize daktari maneno haya: jicho limebanwa au limedhoofika, umejuaje, na kama tunasubiri, turudi lini? Wakati huohuo, usiku wa leo, chora visanduku 9 kwenye karatasi, uandike tarehe, mkae na kaka yako mjaze pamoja. Ukishapata majibu ya kipimo cha kulizungusha jicho na picha ya CT, niandikie tena, nitakusaidia kuyasoma.